Programu ya nyaraka au programu ya zabuni? Maswali ambayo kampuni za ujenzi huuliza mara kwa mara

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya ukadiriaji majenzi, na sasa kazi yangu ni kuzisaidia kampuni kuchagua mifumo ya kompyuta. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayonirudia. Programu nilizozitaja ni mifano ya aina zake, msizichukue kama orodha ya manunuzi.

Programu ya kutunza nyaraka na programu ya zabuni si kitu kimoja chenye majina mawili?

Hapana, ingawa zote mbili zinapokea faili na zote zina kitufe cha kupakia. Programu ya nyaraka inajibu swali hili: hati halali ya jambo fulani ni ipi, nani aliipitisha, na iko wapi? Programu ya zabuni inajibu jingine: tulimwalika nani, amejibu nini, bei yake ni ipi, na zimebaki saa ngapi? Hati inayoingia leo kwenye mfumo wa nyaraka huenda ikatafutwa baada ya miaka kumi, mgogoro ukizuka. Zabuni inaishi kwa saa. Ikifika saa ya kufunga, bei nzuri iliyochelewa dakika tano ni sawa na bei isiyokuwepo.

DocuWare, Laserfiche, M-Files na SharePoint ziko upande wa nyaraka. BuildingConnected, SmartBid na PlanHub ziko upande wa zabuni. Procore na Autodesk Construction Cloud zinajaribu kushika pande zote, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Wanaona neno "nyaraka" kwenye orodha ya huduma, wanadhani wamemaliza. Lakini nyaraka za mradi si nyaraka za kampuni. Mikataba ya ajira, leseni, bima, hati za kodi na taarifa za fedha havina mradi, na mfumo uliojengwa kuuzunguka mradi hauna mahali pa maana pa kuviweka.

Fedha inatosha programu moja tu. Tuanze na ipi?

Chukueni zabuni tano za mwisho mlizoshindwa na miradi mitatu ya mwisho mliyomaliza. Kwa kila moja andikeni kosa lililowaumiza zaidi. Mkiona "tuliwaalika mafundi umeme tumechelewa", "tulipata bei moja tu ya paa", "tulisahau kipengele kizima cha mifereji", basi tatizo lenu ni zabuni. Mkiona "saiti walijenga kwa mchoro wa zamani", "hatukuwa na ushahidi kwamba mhandisi mshauri alikubali mabadiliko", "bima iliisha bila mtu kujua", tatizo lenu ni nyaraka.

Msimamo wangu ni kwamba kampuni ndogo nyingi zinapaswa kuanza na nyaraka, hata kama kinachozivutia ni zabuni. Programu ya zabuni hulishwa na nyaraka. Ikilishwa kitu kibovu, itakitawanya kwa haraka zaidi. Niliwahi kukadiria jengo la ghorofa nne kwa mchoro wa toleo B, huku toleo C limelala siku sita kwenye barua pepe ya mwenzangu aliyekuwa likizo. Toleo C liliongeza ngazi ya pili ya dharura. Tulishinda zabuni, na ngazi ile tukaijenga kwa fedha yetu. Hakuna programu ya kualika wazabuni ambayo ingetuokoa siku ile. Tungeokolewa na mahali pamoja panapoonyesha mchoro unaotumika, pasipotegemea nani yuko ofisini.

Sisi ndio tunaoomba kazi, si tunaotangaza. Programu ya zabuni itatufaa nini?

Ulizeni kwanza imetengenezwa kwa ajili ya nani. Nyingi zilibuniwa kwa mkandarasi mkuu anayewaalika wakandarasi wadogo na kukusanya bei zao. Mwalikwa anapewa mlango mdogo tu wa kuingilia. Kwenye BuildingConnected, kwa mfano, kupokea mwaliko na kuujibu hakulipiwi. Kinacholipiwa ni zana za kuisimamia mialiko yenyewe.

Kwa mwalikwa, faida kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kalenda moja ya mialiko yote yenye siku ya kutembelea saiti, siku ya mwisho ya kuuliza maswali na siku ya kufunga, badala ya tarehe hizo kutawanyika kwenye barua pepe za watu watatu. Ya pili, ambayo watu huidharau, ni kumbukumbu ya mlizoshinda na mlizoshindwa. Mkishajaza mwaka mmoja kwa uaminifu, mtajua ni aina gani ya mteja hutumia bei zenu kuwashushia wengine bei bila kuwapa kazi hata siku moja. Mkadiriaji mmoja akiacha kumhangaikia mteja wa namna hiyo, muda anaoupata unalipa sehemu nzuri ya gharama ya programu.

Kulinganisha bei za wakandarasi wadogo kunafanywa na programu yenyewe?

Programu hupanga bei kwenye jedwali moja. Kulinganisha ni kazi ya mtu, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika zabuni.

Tuseme mna bei tatu za kazi ya umeme. Ya kwanza iko chini ya wenzake kwa asilimia 11. Ukiisoma taratibu unakuta mzabuni ameanzia kwenye bodi kuu ya umeme ndani ya jengo, wakati wenzake wameanzia nje, kwenye transfoma. Hakuweka upimaji wa mwisho. Bei yake inadumu siku 30, na mwenye mradi ametangaza kwamba tathmini itachukua siku 90. Ukirudisha vyote hivyo ndani, huenda yule wa bei nafuu akawa wa mwisho.

Kwa hiyo msiangalie jedwali lenye jumla tu. Dai programu inayokuruhusu kuandika kila kipande cha kazi kwenye mstari wake, na kwa kila mzabuni uweke alama moja kati ya tatu: imejumuishwa, haikujumuishwa, haikutajwa. Ile ya tatu ndiyo yenye hatari. Aliyesema "sikuweka mifereji" amekusaidia, maana unajua utafute wapi. Aliyenyamaza atakwambia baada ya mkataba kwamba mifereji haikuwa yake. Nimeona programu za bei kubwa zisizo na nafasi ya kuandika "haikutajwa". Mtumiaji analazimika kuacha kisanduku kitupu, na kisanduku kitupu kinasomeka kama sifuri.

Kuna na bei za kujazia, zile ambazo mkadiriaji anaziweka mwenyewe pale mzabuni alipoacha pengo. Zionekane kwa rangi tofauti, zibaki na jina la aliyeziweka, na zisijifiche ndani ya jumla. Wiki tatu baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba tarakimu ile ilitoka kwenu, si kwa mzabuni.

Kupima michoro kwenye skrini ni sehemu ya programu hizi?

Wakati mwingine, ila mara nyingi ni programu ya pembeni. Bluebeam Revu, PlanSwift na STACK hutumika kupima urefu, eneo na idadi juu ya mchoro wa PDF, na matokeo yanaingizwa kwenye BOQ, yaani jedwali la vipimo na bei za kazi.

Kuweni makini na skeli. Mchoro wa karatasi ya A1 wenye skeli ya 1:100 ukipunguzwa kuwa A3 unageuka 1:200, kwa sababu kila upande umepungua nusu. Maandishi pembeni yanaendelea kusema 1:100. Mpimaji akiyaamini, ukuta wa mita 20 utasomeka mita 10, na eneo la sakafu litatoka robo ya eneo halisi. Programu haitalalamika. Tafuta kipimo kimoja kilichoandikwa kwa tarakimu, kama umbali kati ya nguzo mbili, ukipime, ndipo uendelee. Rudia kwa kila ukurasa, kwani seti moja ya michoro huchanganya skeli.

Nyongeza za zabuni zinashughulikiwa vipi? Hapo ndipo tunapoumia kila mara.

Mnaumia hapo kwa sababu nyongeza, yaani mabadiliko au ufafanuzi unaotolewa baada ya zabuni kutangazwa, ni mahali ambapo zabuni na nyaraka zinakutana, na kila programu inadhani mwenzake ndiye mwenye jukumu.

Nyongeza ikitoka, yanapaswa kutokea mambo manne kwa wakati mmoja. Ukurasa wa zamani uondoke machoni pa watu, ubaki kwenye kumbukumbu tu. Kila aliyealikwa apate taarifa. Kuwe na ushahidi wa nani ameifungua na saa ngapi. Na aliyekwisha kuwasilisha bei apate nafasi ya kuirekebisha au kuithibitisha. Programu ya nyaraka hufanya vizuri lile la kwanza na hulegea kwenye mengine. Programu ya zabuni ni hodari wa kutuma taarifa, lakini nyingi huongeza faili jipya chini ya la zamani na kuviacha vyote viwili vikiwa wazi. Mzabuni akifungua folda anakuta michoro miwili yenye namba ileile, tuseme A-201, na mara nyingi atapakua ule wa juu bila kujali tarehe.

Mwombe muuzaji aweke nyongeza mbele yako, kisha ingia kama mzabuni uone kinachoonekana. Uliza pia kama mfumo unatofautisha "alitumiwa", "alifungua" na "alipakua". Barua pepe iliyotumwa haithibitishi kwamba mchoro ulisomwa, na mkibishana baadaye tofauti hiyo itawafaa.

Jambo jingine ni nidhamu, na hakuna programu inayoweza kuinunua: mtu mmoja akituma ufafanuzi kwa simu au kwa WhatsApp kwa mzabuni mmoja, kumbukumbu yenu imevunjika na haki kati ya wazabuni imevunjika pia. Swali la mzabuni mmoja lijibiwe kwa wote, bila kutaja aliyeuliza.

Kwa nini tusiendelee na Google Drive au Dropbox?

Endeleeni, kama mko wachache na miradi ni michache. Hifadhi hizo zinatunza matoleo ya faili na zinaweza kutafuta maneno yaliyomo ndani. Kisichokuwemo ni hukumu. Hifadhi ya kawaida inajua faili lipi ni jipya. Haijui lipi limepitishwa, na katika ujenzi hayo ni mambo mawili tofauti. Mchoro mpya kabisa huenda ni rasimu ambayo msanifu majengo bado anaifikiria. Siku mtakapoanza kuona majina kama "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho sahihi 2" kwenye folda moja, mjue mmeshahitaji mfumo wenye hatua za kupitisha.

Tatizo jingine la folda hujitokeza likiwa limechelewa. Windows kwa kawaida ilijengwa kwa njia ya faili isiyozidi herufi 260, folda zote zikihesabiwa. SharePoint ya mtandaoni inakomea 400, na haikubali alama kama nyota, nukta pacha na alama ya kuuliza kwenye majina. Kampuni yenye folda ndani ya folda ngazi kumi, kila moja na jina refu la mradi, ikihamia huko inakuta maelfu ya faili yamekataliwa. Fupisheni majina kabla ya kuhama.

Folda au lebo?

Lebo, kwa sehemu kubwa. Cheti cha upimaji wa zege ni cha mradi, ni cha mkandarasi mdogo, ni cha mwezi fulani, na ni cha ghorofa ya tatu. Folda inakulazimisha kuchagua kimoja. M-Files imejengwa juu ya wazo hili: hati inaelezwa kwa sifa zake, na mahali ilipokaa si kitu. Lakini lebo zisizidi tano au sita za lazima. Mkidai kumi na mbili, watu watajaza chochote ili fomu ipite.

Tuziskani karatasi zetu zote za zamani?

Hapana. Skanini za miradi ambayo bado ina dhamana ya matengenezo, mgogoro, au mteja anayerudi, na zile ambazo sheria inataka ziwepo. Nyingine ziandikiwe orodha ya maboksi, zifuatwe siku zikihitajika. Mkiskani, tumieni nukta 300 kwa inchi ili kompyuta iweze kuyatambua maandishi, na hifadhini kwa PDF/A, muundo wa kumbukumbu za muda mrefu uliotolewa kama kiwango cha kimataifa ISO 19005 mwaka 2005. Faili la namna hiyo hubeba fonti zake ndani, halitegemei kompyuta itakayolifungua.

Mteja ametaja ISO 19650 kwenye masharti. Anataka tununue programu gani?

Hataki programu yoyote kwa jina. ISO 19650 ni viwango vilivyoanza kutolewa mwaka 2018 kuhusu namna ya kusimamia taarifa za mradi. Vinataka taarifa zote zikae kwenye mazingira ya pamoja, na kila faili lijulikane liko hatua ipi kati ya nne: linaendelea kufanyiwa kazi, limeshirikishwa kwa wengine, limetolewa rasmi kwa matumizi, au liko kumbukumbu. Linalotoka hatua moja kwenda nyingine lazima lipitishwe na mtu anayejulikana.

Hilo ni suala la mpangilio. SharePoint iliyopangwa vizuri inaweza kulikidhi. Programu ghali iliyoachwa jinsi ilivyotoka kwa muuzaji inaweza isikidhi. Muuzaji akisema programu yake "ina ISO 19650", mwombe aonyeshe faili likipita hatua hizo nne na nani anazuia lisiruke hatua.

Programu yetu ya zabuni itaweza kuwasilisha zabuni za serikali?

Kwa kawaida hapana. Serikali nyingi zina mfumo wao wa manunuzi, na hamna hiari. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kuwasilisha kwa njia ya kielektroniki ni lazima, tangu Oktoba 2018, kwa taasisi zote za umma zinazoguswa na agizo la manunuzi ya umma namba 24 la 2014. Programu yenu hutumika kuandaa, halafu kazi inahamia kwenye mlango wa serikali.

Kagua mapema ukubwa wa faili unaokubalika, muundo unaotakiwa, na majina yanayoruhusiwa. Saa inayohesabika ni ya seva yao. Pakia siku moja kabla, pokea risiti, itunze risiti kwenye mfumo wa nyaraka pamoja na nakala ya kila ulichopakia.

Sahihi za kielektroniki zinakubalika?

Katika nchi nyingi, ndiyo. Marekani ilizipa nguvu ya kisheria kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya una kanuni ya eIDAS, namba 910 ya 2014, inayozigawa katika ngazi tatu. Ni ngazi ya juu kabisa pekee ambayo inahesabiwa moja kwa moja kuwa sawa na sahihi ya mkono. Picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye PDF iko chini kabisa. Kwa dhamana ya zabuni, someni masharti neno kwa neno, maana watangazaji wengi bado wanataka karatasi halisi ya benki.

Nani ataona bei zetu?

Swali hili lina pande mbili. Kama ninyi ndio mnaotangaza, je, bei zinafungwa mpaka saa ya kufungua, hata kwa msimamizi wa mfumo? Programu nyingi za mkandarasi mkuu huonyesha bei zikiingia tu. Kwa biashara binafsi si kosa, ila mkadiriaji mwenye rafiki kati ya wazabuni anakuwa na kishawishi kisicho na sababu ya kuwepo. Kama ninyi ndio mnaoleta bei, fahamuni kwamba aliyewaalika anaweza kuihamisha tarakimu yenu kwenda popote. Wekeni jumla na masharti, na mchanganuo mtoe pale unapodaiwa.

Jaribu mwenyewe: fungua akaunti mbili za wazabuni wa uongo, weka bei kwa moja, ingia kwa nyingine, tafuta. Kisha angalia kumbukumbu ya mfumo kama imeandika kwamba ulitafuta.

Bei za programu hupangwaje?

Kwa idadi ya watumiaji, kwa ukubwa wa hifadhi, au kwa thamani ya kazi mnazofanya kwa mwaka. Procore hutumia njia hii ya tatu, watumiaji wakiwa hawana kikomo. Ile ya kuhesabu watumiaji inaonekana nafuu mwanzoni, lakini nimeona inavyoharibu. Ofisi inanunua akaunti nne, watu kumi na wawili wanagawana nenosiri, na kumbukumbu ya "nani alipitisha" inapoteza maana. Mkichukua njia hiyo, nunueni akaunti ya kila anayepitisha hati.

Ombeni jumla ya miaka mitatu, ikiwa na kuhamisha data, mafunzo na kuunganisha na mfumo wa uhasibu. Mwaka wa kwanza peke yake haukwambii kitu.

Kuna za bure?

Kwa nyaraka, zipo za chanzo huria zinazofanya kazi: OpenKM, Mayan EDMS, na Paperless-ngx, ambayo ni nzuri kwa karatasi zilizoskaniwa kama ankara na barua. Kwa michoro yenye matoleo, Paperless-ngx haikubuniwa kwa hiyo. Gharama ya programu hizi ni seva na mtu wa kuitunza, na mtu huyo akiondoka bila kuacha maelezo mnabaki na mfumo usio na mwenyewe. Kwa zabuni, jedwali la Excel lililopangwa vizuri linabeba kampuni ndogo mbali zaidi ya wauzaji wanavyokiri.

Tukiwa na zote mbili, ziunganishwe?

Kuna wakati mmoja ambapo muungano ni wa lazima: siku ya kushinda. Siku hiyo seti iliyokadiriwa lazima iwe seti ya mkataba. Yavuke pamoja michoro yenye matoleo yake, maelezo ya kiufundi, nyongeza zote, maswali na majibu, bei iliyokubaliwa, na orodha ya vilivyoachwa nje. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinavyosahaulika. Msimamizi wa saiti anapewa michoro na BOQ, haambiwi kwamba uzio haumo, anaujenga.

Kama programu haziongei, fanyeni kwa mkono, mtu mmoja, siku hiyohiyo, na mfunge seti hiyo isibadilike tena. Mabadiliko yoyote baada ya hapo yaingie kama mabadiliko ya mkataba.

Mtandao ukikatika saiti?

Chagua programu ya simu inayobeba nakala ya michoro. Kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni na uangalie jambo moja: je, inamwonyesha fundi kwamba nakala hii ni ya juzi? Nakala ya zamani isiyojitambulisha ni mbaya kuliko kukosa mchoro, maana anayekosa mchoro atauliza.

Kampuni ya programu ikiuzwa au ikifungwa?

Kuuzwa ni jambo la kawaida katika biashara hii. Documentum, kampuni ya programu za nyaraka, ilianza mwaka 1990, ikaingia mikononi mwa EMC mwaka 2003, kisha OpenText mwaka 2017. Aconex ya Melbourne, yenye programu ya nyaraka za miradi, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2018. Mwaka huohuo Autodesk iliichukua PlanGrid, programu ya michoro ya saiti, na mwanzoni mwa 2019 ikakamilisha ununuzi wa BuildingConnected. Baadaye uwezo wa PlanGrid uliingizwa kwenye Autodesk Build. Wateja hawakupoteza kazi zao, lakini walilazimika kujifunza upya.

Kabla ya kusaini, ombeni nakala ya kila kitu itolewe kwenye mradi wa majaribio, muifungue nje ya mfumo. Wauzaji karibu wote watawapa mafaili. Wachache watawapa na historia: toleo lipi, nani alipitisha, lini. Bila historia hiyo mna lundo la PDF tu. Sharti la kutoa vyote viwili, na muda wa kuvitoa baada ya mkataba kuisha, liandikwe ndani ya mkataba.

Wafanyakazi wanaukataa mfumo mpya.

Mara nyingi anayekataa ni yule anayelazimishwa kufanya kazi mara mbili, kwenye mfumo na kwenye folda ya zamani. Pangeni tarehe ambayo folda ya zamani itasomeka tu, isiandikwe. Na mkadiriaji mkongwe ashirikishwe kuchagua lebo, maana ndiye anayejua kila hati inavyotafutwa.

Majaribio yafanyweje?

Msitumie mradi wa mfano wa muuzaji. Chukueni zabuni yenu iliyokwisha, yenye vurugu, iingizeni tangu mwanzo: mwaliko, nyongeza kwa mpangilio wake, bei za wakandarasi wadogo. Wekeni kosa moja kwa makusudi, kama mchoro wa toleo lililopita, muone mfumo utamzuia nani. Wiki mbili zinatosha. Ayafanye mtu atakayeutumia mfumo kila siku, si mkurugenzi.

Zabuni tulizoshindwa tuzitupe?

Msitupe bei zenu, bei za wakandarasi wadogo, matokeo ya ufunguzi na sababu mliyopewa. Bei za vipengele ziandikwe tarehe, maana baada ya mwaka mmoja au miwili hazifai tena kukadiria. Bado zinafaa kuonyesha nani hupandisha na nani hushusha. Michoro ya mwenye mradi ni jambo jingine: masharti mengine yanataka irudishwe au ifutwe, kwa hiyo wekeni lebo ya "ifutwe" yenye tarehe siku mnayoipokea.

Zilizoshindwa na zilizoshinda zisikae kwa kanuni moja. Kwa mkataba mliousaini, muda wa kutunza hufuata muda wa kushtakiana katika nchi inayohusika. Uingereza, kwa mfano, ni miaka 6 kwa mkataba wa kawaida na 12 kwa ule uliofungwa kama hati rasmi ya kisheria, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1980. Muda huo huanza kuhesabiwa siku mkataba ulipovunjwa, si siku ya kusaini. Kwa hiyo mfumo ukiwauliza tarehe ya kufuta hati za mradi, hesabuni angalau kuanzia tarehe ya kukabidhi jengo, si ya kusaini.